Bangi na Hukumu ya Mwenye Kuipanda: Tarehe ya Suala Hili katika Vitabu vyetu

 

Tulikuwa Makangale, kaskazini kabisa mwa Pemba, ng'ambo ya msitu wa Ngezi, katika darsa ya baada ya Alasiri. Tulikuwa tunasomesha mlango wa vileo. Kijana mmoja, ambaye baadaye tulijua kuwa ndiyo kwanza amepewa konde na wazee wake aanze kulima, akanyanyua mkono akasema: "Sheikh, khamri ni kazi ya mtu. Mtu hukamua, akavundika, akangoja. Bangi haina mkono wa mtu. Ni mche ulioumbwa na Mola, unaota kwa mvua kama unavyoota mtama. Nikichukua mbegu nikaitia kondeni, nikavuna, mimi sijavuta wala sijamvutisha mtu, kosa langu liko wapi?" Akaongeza kuwa huko Ujerumani mtu mzima siku hizi anaruhusiwa kuotesha miche mitatu nyumbani kwake, na kwamba kwetu imekatazwa kwa sababu Mwingereza aliikataza.

Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja aliyeegemea nguzo akamjibu kwa hasira: "Najisi ile! Nguo iliyoigusa haisaliwi, na mwenye kuipanda anapigwa fimbo themanini!"

Mzee wetu yule alikuwa na ghera ya dini, na ghera ni neema. Lakini katika maneno yale machache alikuwa ameteleza mara tatu, na kijana, ambaye alikuwa amekwisha kusoma vitabu vidogo vidogo, alilijua hilo, akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Kijana akiona kuwa wakubwa wake wamekosea katika hukumu ya tohara, huona pia kuwa wamekosea katika hukumu ya uharamu, na hapo mlango unakuwa wazi. Basi tutazame suala hili limetoka wapi, na wanavyuoni wetu wamelipokea vipi tangu lilipowafikia.

Kwanza jina. Neno letu "bangi" asili yake ni Bara Hindi. Waajemi wakalitamka "bang", na Waarabu wakasema "banj". Hapa pana mtego kwa mwanafunzi. Katika vitabu vya tiba vya Waarabu, "banj" mara nyingi si bangi hii yetu bali ni mmea mwingine kabisa, wenye sumu, uliotumiwa kumlaza mgonjwa. Bangi yetu wao waliiita "qinnab" au "shahdanaj", na baadaye "hashisha", yaani jani tu. Kwa hiyo mwenye kusoma matini kongwe akakuta "banj" asikimbilie kufasiri "bangi" mpaka atazame maneno yaliyolizunguka.

Mmea wenyewe si mgeni wala haukuogopwa hapo mwanzo. Waislamu wa Andalusi waliulima kwa ajili ya nyuzi za kamba na nguo, na Ibn al-Awwam wa Ishbiliya (Sevilla), aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ukulima katika karne ya 6 Hijria, ameuweka pamoja na kitani na pamba. Hakuna faqihi aliyemwendea mkulima wa Andalusi kumwambia ang'oe. Mwenzake wa Malaga, Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea aliyefariki 646H (1248), ndiye aliyetuachia khabari iliyo karibu zaidi na swali la kijana wa Makangale. Alipofika Misri alikuta aina asiyoiona kwingine, akaiita qinnab ya Kihindi. Watu walikuwa wakiipanda katika mabustani, waziwazi, wakiiita hashisha, na akawashuhudia mafakiri wa tariqa wakiila.

Kumbukeni neno hilo "wakiila". Zama hizo haikuvutwa. Ilifanywa vidonge au halua. Tumbaku ilikuwa bado haijatoka Amerika, na kwa hivyo anayetafuta neno "kuvuta" katika vitabu vya karne ya 7 hatalipata.

Ilianzia wapi? Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri aliyefariki 845H (1442), amenukuu kisa cha Sheikh Haydar wa Khurasani, mtu wa khalwa aliyefariki 618H (1221), kwamba siku moja alitoka jangwani akaona mche mmoja ukicheza na hali upepo umetulia, akala majani yake, akarudi kwa wanafunzi wake mchangamfu asiyekuwa na kawaida hiyo, akawausia waufiche. Sisi kisa hiki tunakisoma kama kisa. Kimesimuliwa na wafuasi wa tariqa yenyewe na kina harufu ya kuitafutia bangi nasaba tukufu. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728H/1328) ana kauli nyingine: kwamba ilidhihiri kwa watu mwishoni mwa karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 7, pamoja na kudhihiri upanga wa Matatari. Zote mbili zinakubaliana juu ya zama, na hilo ndilo la maana kwetu. Maimamu wanne wa madhehebu walikwisha kufariki zaidi ya miaka mia tatu kabla. Hawakulisema suala hili kwa sababu halikuwepo mbele yao kwa sura hii, na waliokuja baadaye ilibidi waitoe hukumu katika misingi.

Na hapo ndipo uzuri wa fiqhi unapoonekana. Al-Qarafi, imamu wa Kimaliki wa Misri aliyefariki 684H (1285), katika kitabu chake cha Furuq alikaa akapambanua vitu vitatu ambavyo watu wa kawaida huvichanganya: kile kinachoondoa akili pamoja na furaha na ujasiri, nacho ni kileo, kile kinachoondoa akili na hisia zote, nacho ni kilaza, na kile kinachoiharibu akili bila ya hayo. Bangi aliiweka katika kundi hili la tatu. Matokeo yake kwake ni kuwa ni haramu, mtumiaji ana adhabu ya taaziri wala si haddi, si najisi, na aliyesali akiwa nayo mfukoni sala yake haibatiliki. Ibn Taymiyya akampinga vikali kila mwenye rai hiyo. Kwake yeye ni kileo kama khamri, ina haddi, na katika kauli tatu za Hanbali juu ya unajisi wake yeye aliona iliyo sahihi ni kuwa ni najisi. Anayesema leo kuwa bangi ni najisi basi anaye imamu mkubwa wa kumtegemea. Ila ajue kwamba amesimama na Ibn Taymiyya, hakusimama na kitabu alichosomeshwa.

Kwani kitabu tulichosomeshwa, kuanzia Lamu mpaka Ngazija, kimesema vingine. Imamu Nawawi (aliyefariki 676H/1277), katika Minhaj, alipohesabu najisi hakusema "kileo" akanyamaza. Aliongeza neno moja, kuwa kiwe majimaji. Na katika kijitabu chake cha kueleza daqaiq za Minhaj akafafanua mwenyewe kuwa neno lile amelitia makusudi ili itoke banj na majani yanayolevya, maana hayo ni haramu lakini si najisi. Katika Majmuu akaitaja hashisha kwa jina, kama kitu kinachojulikana na watu wa zama zake: hukumu yake ni ya khamri katika uharamu, aliyeondokewa na akili kwa ajili yake atazilipa sala zilizompita, na ana taaziri bila ya haddi. Wanafunzi wetu wengi hulipita neno lile la "majimaji" mbio mbio kwa sababu liko mwanzoni mwa kitabu na wao wana haraka ya kufika kwenye sala. Lakini ni neno lililopimwa. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi Unguja na akafariki huko 1925, aliandika kitabu kizima kubainisha istilahi za Minhaj, na hakuwa mtu wa kupoteza wino.

Basi mzee wetu wa nguzoni: si najisi katika madhehebu yake, haina haddi bali taaziri, na hata haddi yenyewe ya khamri kwa Mashafi ni arubaini, na kinachozidi hapo mpaka themanini ni katika mamlaka ya imamu wa dola.

Kijana akisoma mpaka hapa huenda akafurahi. Asifanye haraka.

Tohara ya kitu haileti uhalali wake. Sumu ni tohara. Udongo ni tohara. Hadithi ya Bibi Umm Salama (r.a.) iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud imekusanya katazo la kila kinacholevya na kila kinachodhoofisha mwili na akili, na wanavyuoni waliotofautiana kama bangi ni kileo au ni kiharibu hawakutofautiana kuwa kula kiasi cha kuathiri akili ni haramu. Badruddin az-Zarkashi, Mshafi wa Misri aliyefariki 794H (1392), aliiandikia risala maalumu. Alikusanya ndani yake jina, historia, madhara, unajisi, haddi, biashara, na akaligusa hata hili la kulima: kuipanda kwa kusudio la kulewesha hakujuzu, na kwa kusudio la tiba kwajuzu. Swali la Makangale lilikwisha kuulizwa Misri zaidi ya miaka 600 iliyopita, na likajibiwa kwa kutazama kusudio la mpandaji.

Kwa nini kusudio? Tuchukue mfano ambao Mpemba haulizi ni nini: kungumanga.

Mkungumanga, kama mkarafuu, uliletwa kwetu kwa bahari kutoka visiwa vya mashariki ya mbali, na leo ni mti wa mashambani Unguja na Pemba. Hakuna mama asiyeijua kungumanga katika viungo vyake. Sasa, Ibn Hajar al-Haytami, aliyekaa Makka na kufariki huko 974H (1566), mwenye Tuhfa ambayo ndiyo marejeo ya maulamaa wetu, aliulizwa juu ya kungumanga akajibu kwa ukali kuwa ni yenye kulevya na ni haramu. Katika kitabu chake cha madhambi makubwa ameihesabu pamoja na hashisha na kasumba. Wengine hushangaa wakiisikia hukumu hii kwa mara ya kwanza, lakini mtu akitafuna kungumanga nyingi atalewa kweli, na madaktari wanalijua hilo. Naye Shihabuddin ar-Ramli, aliyekuwa Misri na kufariki 957H (1550), alipoulizwa suala hilo hilo akasema kidogo kinafaa na kingi ni haramu. Kauli hiyo ndiyo iliyokaa katika vyungu vya watu.

Wanavyuoni hawa wawili wakubwa wa Kishafi wametofautiana juu ya kula. Lakini hatujapata kumsikia mwanachuoni wa visiwa hivi akimwambia mwenye shamba aukate mkungumanga wake. Anayeupanda anakusudia kiungo, anayenunua anakusudia kiungo, na soko zima linajua hivyo. Yule mmoja atakayekwenda kuila gao zima alewe, dhambi ni yake.

Tugeuze sasa. Anayepanda bangi Pemba leo anampandia nani? Hakuna kiwanda cha kamba kinachoingoja, wala hospitali iliyomwagiza. Mnunuzi anajulikana kabla mbegu haijaota. Na hapa hukumu iko katika kitabu kile kile cha Minhaj, mlango wa biashara zilizokatazwa, pale panapotajwa kumuuzia zabibu au tende mbichi mtu anayekamua khamri. Zabibu ni halali na ni chakula. Mashureha wakafafanua kuwa muuzaji akijua, au ikimzidi dhana, kwamba mnunuzi atakamua khamri, basi ni haramu, na akishuku tu ni makuruhu. Ikiwa hivi ndivyo katika zabibu, ambayo matumizi yake mengi ni halali, itakuwaje katika mche ambao mkulima hawezi kumtaja hata mnunuzi mmoja wa halali? Hoja ya "sijavuta wala sijamvutisha mtu" imevunjika hapo. Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Anas (r.a.) aliyoipokea Tirmidhi aliwalaani watu kumi katika khamri, na mnywaji ni mmoja tu katika hao.

Tuje kwenye hoja ya Mwingereza, maana hii imeenea sana kwa vijana na inatumiwa kama ngao. Ni kweli kwamba bangi ilikuwapo Afrika Mashariki kabla ya Wazungu kututawala. Katika pango la Lalibela karibu na Ziwa Tana, Uhabeshi, wachimbuzi wamepata bakuli za viko zenye masalio ya bangi, za takriban mwaka 1320. Kasisi Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala kuanzia 1586, ameeleza kwamba wenyeji wa nchi zile walikuwa wakiipanda na kula majani yake, na jina alilolisikia ni "bangue". Katika karne ya 19 Mjerumani Hermann von Wissmann, yule yule aliyekuja kumpiga Abushiri mwaka 1889 na kumnyonga Pangani, alipita Kasai, Kongo, mwaka 1881 akakuta Wabashilange wameifanya bangi kuwa dini, wakijiita ndugu wa bangi, wakiapiana na kusuluhishana kwayo. Mmea huu umetembea kwetu zamani na kwa njia nyingi, na hatuna haja ya kulikanusha hilo.

Lakini nani aliyeutia katika katazo la kimataifa? Katika mkutano wa kasumba wa Geneva wa 1924–1925 mataifa makubwa yalikuwa yakizungumza juu ya kasumba na kokeini. Aliyesimama kudai bangi nayo iingizwe alikuwa mjumbe wa Misri, Dkt. Muhammad El Guindy, na mkataba wa Februari 1925 ukaitaja. Misri ilikuwa ikipambana nayo tangu zama za Masultani wa Kimamluki. Sultani Baybars aliikataza katika karne ya 7 Hijria, na al-Maqrizi amesimulia habari za amiri mmoja wa karne ya 8 aliyewang'oa magego wale waliokamatwa wakiila. (Taaziri ina mipaka, na sisi hatuoni kuwa gego ni katika mipaka hiyo.) Baina ya Nawawi na mkataba wa Geneva ni karibu miaka 650. Anayesema katazo limeletwa na mkoloni amemdhulumu hata huyo mkoloni.

Alilofanya mkoloni ni jingine. Baada ya himaya ya 1890 mambo ya jinai yalitolewa polepole mikononi mwa makadhi yakawa ya sheria za serikali, na kadhi akabakiwa na ndoa, talaka na mirathi. Kwa hiyo taaziri waliyoizungumza mafuqahaa leo haiko kwa imamu wa msikiti wala kwa wazee wa kijiji. Iko kwa dola, na Zanzibar ina sheria yake ya dawa za kulevya ya 2021, iliyoanzisha Mamlaka ya kudhibiti na kupambana nazo. Kumpiga kijana barazani kwa jina la haddi ni kosa kwa pande zote mbili.

Imebaki Ujerumani. Ni kweli, tangu Aprili 2024 sheria yao inamruhusu mtu mzima miche mitatu. Canada iliruhusu 2018. Ruhusa hizo ni khabari za serikali zao. Nchi hizo hizo zimeruhusu pia khamri na kamari, wala hatukuwahi kuletewa hizo kama dalili. La tiba lina uzito zaidi. Nawawi mwenyewe amejuzisha kumlaza mgonjwa kwa banj ili akatwe kiungo kilichooza. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kifafa iliyotolewa katika mmea huu, na Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ikaitoa bangi katika orodha ya vitu vikali kabisa, kwa kura 27 dhidi ya 25. Zipo nchi za Afrika, kama Lesotho tangu 2017, zinazotoa leseni za kilimo cha dawa. Siku dola yetu ikiwa na kilimo cha namna hiyo, chenye leseni na mnunuzi wa dawa anayejulikana, kauli ya Zarkashi itakuwa na mahali pa kukaa, na maulamaa watakaa waitazame upya. Leo hapa kwetu mahali hapo hapapo.

Kuna lililoulizwa faraghani pia, tulipokuwa tunavaa viatu: mtu akitoa mchango wa mabati ya msikiti kutokana na pesa za bangi, imamu apokee? Thamani ya biashara batili asili yake hurudi kwa mwenyewe. Asipojulikana mwenyewe, Ghazali ameeleza, na Nawawi akamnukuu kwa kuridhia, kuwa mali hiyo hutolewa katika maslahi ya Waislamu kwa nia ya kujitoa nayo na si kwa nia ya thawabu. Basi aliyetubu akaja kujivua, ana mlango. Asiyetubu, anayetaka jina lake lisomwe Ijumaa pamoja na wafadhili, imamu amrudishie bahasha yake.

Tuliporudi Makangale baada ya mfululizo wa mvua za masika tulimkuta kijana yule, tukamweleza haya kwa urefu zaidi ya tulivyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho, hakutabasamu. Kisha akatuuliza kama kauli ya Ibn Hajar inamlazimu, kwani mama yake ana mikungumanga miwili nyuma ya nyumba na msimu unakaribia. Tukamwambia amsaidie kuchuma, azianike vizuri, azipeleke sokoni Konde.